Mjomba ananilinganisha na mwenye WhatsApp

Jumapili mjomba katuma kwenye grupu la ukoo picha ya Jan Koum, mmoja wa waanzilishi wawili wa WhatsApp. Chini yake: alifika Marekani hana kitu, akafagia duka, leo bilionea. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya ukoo mzima: "Mwenzako huyu alifika ana miaka 16. Wewe huko mwaka wa ngapi sasa?"

Wa 18, mjomba. Na swali lenyewe umeniulizia humo humo kwenye WhatsApp, kwa hiyo sina hata pa kujificha.

Naishi San Jose, California, natunza wazee, na zamu zangu nyingi ziko Mountain View, mji aliofikia huyo bwana mwaka 1992 akiwa na mama yake na bibi yake, wakitokea Ukraine. Habari zake nimezifuatilia kuliko ile picha inavyosimulia. Ni kweli alifagia duka la vyakula, na mama yake akalea watoto wa watu. Huyo mama alikuwa amejaza sandukuni kalamu na madaftari 20 ya Kisovieti ili huku asinunue vifaa vya shule. Kila nikifika hapo nacheka peke yangu, maana mama ni wale wale.

Lakini picha ya mjomba haikusema kwamba nyumba ya vyumba viwili waliyokaa waliipata kwa msaada wa serikali, wala kwamba walikuwa wanapanga foleni ya stempu za chakula, zile vocha za serikali za kununulia chakula. Mama alipopatikana na saratani, waliishi kwa posho yake ya ugonjwa. Mimi nilikuja kwa viza ya mwanafunzi. Stempu hazikuwa zangu. Ukiishiwa unabeba boksi kwa saa unazoruhusiwa, basi. Simwonei wivu. Nasema tu kwamba kijana akijua kesho atakula, anaweza kukaa na kitabu. Na yeye alikaa nacho kweli: alikuwa ananunua vitabu vya mitandao ya kompyuta kwenye duka la mitumba, anasoma mpaka anamaliza, kisha anavirudisha dukani.

Baba yake alibaki Ukraine, akitarajia kuwafuata. Hakuwahi. Alifariki 1997, na mama akamfuata mwaka 2000, kijana hajafikisha hata miaka 25. Aliyefiwa akiwa ughaibuni anaijua ile simu ya saa 9 usiku, na anajua ulivyo mzito ule muda kabla hujaipokea, kwa sababu mtu wa nyumbani hapigi saa hizo kukusalimia.

Na simu zenyewe enzi zile! Mimi nilizikuta kadi. Unanunua ya dola 5, unakwangua kwa sarafu kwenye kaunta ya jikoni, unabonyeza tarakimu nyingi kuliko akaunti ya benki. Sauti ya mashine inakuambia una dakika 40, lakini ikifika ya 15 inakata, mama ndiyo kwanza kamaliza kuuliza hali. Yeye kwake alikuwa anabipu tu. Akibipu mara moja, kanikumbuka. Mara mbili mfululizo, nitafute kadi haraka.

Ndiyo maana napenda jinsi WhatsApp ilivyoanza, maana ilianza kama kubipu. Koum aliisajili kampuni tarehe 24 Februari 2009, siku anatimiza miaka 33, na wazo la kwanza halikuwa kutumiana ujumbe. Lilikuwa statasi tu kando ya jina lako: niko kwenye mazoezi, betri inaisha, siwezi kuongea. Programu ilikuwa inakwama kila mara, akataka kuiacha atafute kazi. Mwenzake Brian Acton akamsihi avumilie miezi michache zaidi. Katikati ya mwaka huo Apple wakaruhusu programu kutuma taarifa kwenye simu hata ukiwa hujaifungua, na watu wakaanza kujibizana kwa statasi. Hapo ndipo akaona kwamba bila kukusudia ametengeneza chombo cha kuongea.

Nisichokubali kwa mjomba ni kuruka kutoka ufagio hadi mabilioni. Katikati kuna miaka 22. Kati ya hiyo, zaidi ya 9 aliajiriwa Yahoo kama mhandisi wa mitambo ya kompyuta, akaondoka 2007 na akiba inayotajwa kuwa kama dola 400,000. Akaomba kazi Facebook, wakamkataa, na Acton naye wakamkataa. Mtu mwenye akiba hiyo anaweza kukaa nyumbani akitengeneza programu inayokwama. Mimi nikikaa nyumbani miezi miwili, mwenye nyumba anabisha hodi.

Februari 2014 Facebook hao hao wakainunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Wafanyakazi walikuwa 55, watumiaji milioni 450. Kusaini, Koum alikwenda kwenye jengo jeupe lililoachwa, ng'ambo ya reli, ambalo zamani lilikuwa ofisi ya ustawi wa jamii. Ndipo alipopanga foleni ya stempu. Akaegemeza karatasi kwenye mlango, akatia saini. Ile reli naivuka nikienda zamu, na nikikaa kwenye treni huwa nawaza: ule mlango ulikuwa umefungwa. Hakugonga, hakuingia.

Mezani kwake aliweka kikaratasi alichoandikiwa na Acton: hakuna matangazo, hakuna michezo, hakuna mbwembwe. Mwaka 2018 aliondoka, na 2025 wenye kampuni wakatangaza kwamba matangazo yanakuja upande wa statasi. Kikaratasi sijui kiko wapi.

Haya yote nilimrekodia mjomba kwa sauti, dakika 4 nzima, nikiwa jikoni kwa mzee ninayemtunza nikisubiri uji upoe. Nikatuma palepale kwenye grupu. Tiki mbili, zikawa za bluu. "Anaandika..." ikatokea, ikapotea, ikatokea tena.

"Nimekuelewa mwanangu," akajibu. "Na ile hela ya mabati?"