Tarehe ya rekodi iliyogeuka tarehe ya mji

Katika ramani ya mada (topic map, data iliyopangwa kwa mada, kila mada ikiwakilisha kitu kimoja), mada ya mji wa Lamu ilikuwa na taarifa ya idadi ya watu. Tarehe ya kuingiza taarifa hiyo, 2021, ikawekwa kwenye mada hiyohiyo, na programu ikasoma kana kwamba mji wenyewe ni wa 2021! Kinachoning'inizwa kwenye mada humweleza msomaji habari za Lamu, si za rekodi.

Dawa katika XTM 2.0, muundo wa XML wa kuandikia ramani za mada: tengeneza mada mpya yenye id="r1", hamishia humo tarehe na jina la mwingizaji, kisha kwenye elementi ya occurrence (taarifa iliyo ndani ya mada) yenye idadi ya watu andika sifa reifier="#r1", yaani mada r1 inaiwakilisha taarifa hiyo yenyewe. Usiitumie r1 kwa taarifa nyingine. Kila taarifa na yake. Elementi ya topic haipokei sifa hii, ila topicMap inaipokea, kwa metadata (taarifa kuhusu data yenyewe) ya ramani nzima.