Nyanya za Ilula, maji ya Iringa na achari ya mama

Nyanya zimeshuka bei tena huku Iringa. Kila zikishuka nafurahi kama mnunuzi, ila nikipita Ilula roho inaniuma, unakuta matenga yamepangwa pembeni ya barabara toka asubuhi na jioni bado yapo palepale, mengine yameshaanza kuvuja maji kwa chini. Mtu kakopa mbolea, kapulizia dawa, kachuma, af dalali anamtajia bei ambayo haitoshi hata kulipia hayo matenga. Jumamosi mimi na jirani yangu tukanunua tenga moja tukagawana nusu kwa nusu, na hapa nataka niwaeleze nilivyozitia kwenye chupa maana mwaka juzi nilifanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka nashtuka.

Mi nimezaliwa Tanga. Kwetu ukisema kuhifadhi ni achari. Msimu wa maembe mama anatafuta yale mabichi magumu, anakatakata, anapaka chumvi na manjano, anaanika kwenye ungo juani siku mbili tatu mpaka vipande vinajikunja, ndo anapika na siki, pilipili, saumu, tangawizi na sukari kidogo. Chupa inakaa kabatini miezi na miezi bila friji na hakuna aliyewahi kuumwa tumbo. Kwahiyo nilivyoolewa huku nikawa najiambia hii kazi naijua, kama embe inakaa basi na nyanya itakaa, na supu itakaa.

Mwaka juzi nikachemsha mifupa ya ng'ombe karibu siku nzima, supu ikawa nzito inaganda yenyewe, nikaimimina ya motomoto kwenye chupa za jam, nikafunga, nikazipindua vichwa chini kama nilivyoona kwenye video moja, nikazipanga stoo. Wiki ya tatu naingia nakuta kifuniko kimoja kimevimba. Zilizobaki zilikuwa safi kabisa kwa macho, nilishaitoa moja nikitaka kumpikia mtoto wali, mume wangu akasema hapana, mwaga zote. Nililia siku ile jamani, nikiwaza ule mkaa na ile mifupa. Leo namshukuru Mungu kwamba alinikatalia.

Nilivyoanza kusoma ndo nikaelewa. Kuna bakteria wa udongoni anaitwa Clostridium botulinum, na mbegu zake hazifi kwenye maji yanayochemka, hata uchemshe masaa. Anapenda mahali pasipo na hewa, pasipo na ukali wa ndimu wala siki, joto la kawaida la chumbani. Yani chupa ya supu iliyofungwa vizuri stoo ndo kitanda chake hasa. Sumu anayotoa unaweza usiisikie kwa pua wala kwa ulimi, na siyo kila chupa itakuvimbia kukuonya. Mtu anaanza kuona vitu viwiliviwili, kope zinalegea, maneno yanakuwa mazito, kumeza shida, mwishowe pumzi. Ukiona hivo usisubiri kesho, kimbia hospitali.

Kinachotenganisha achari ya mama na supu yangu ni ukali tu, ule unaopimwa kwa pH, namba ikishuka ndo ukali unapanda. Chini ya 4.6 hizo mbegu haziwezi kuota. Embe bichi lenyewe ni kali na mama anaongezea siki, huyo bakteria hana pa kuingilia. Supu, maharage, mahindi, karoti, mchicha, nyama vyote viko juu ya hapo, vinahitaji mvuke wa presha wa nyuzi 116 au zaidi, kwa mashine kubwa iliyotengenezwa kwa ajili ya chupa. Hii presha kuka yetu ya maharage siyo hiyo, haijapimwa kwa kazi hiyo, tusidanganyane. Supu yangu siku hizi naichemsha mpaka inapungua, naigawa kwenye makopo ya aiskrimu, naitia friza. Umeme ukikatika siifungui, friza likiwa limejaa linashika ubaridi kama siku mbili.

Sasa nyanya. Nyanya ina tabia ya kukaa palepale mpakani, moja iko chini ya 4.6 nyingine imevuka, hasa zikiiva sana, na kwa jicho huwezi kujua. Ndo maana lazima iongezewe ukali. Natumia ndimu ya unga (citric acid), ile ya kwenye maduka ya viungo, robo kijiko cha chai kwa chupa ya nusu lita, nusu kijiko kwa ya lita. Limao la kukamua silitegemei kwenye hili kwa sababu kuna lenye ukali na kuna lililopooza.

Nachagua ngumu zilizoiva, iliyopasuka au yenye doa haiingii. Nazitumbukiza maji ya moto dakika moja, kisha ya baridi, ganda linavuka lenyewe. Nazikata, naziponda kwenye sufuria, zikichemka naacha dakika tano. Kitunguu na saumu siweki, vinapunguza ule ukali, wala mafuta siweki, nitavitia siku ya kupika. Chupa zimeoshwa na ziko za moto, naweka ndimu kwanza, namimina nyanya, naacha nafasi ya upana wa kidole juu, nafuta mdomo wa chupa, nafunga na kifuniko kipya. Vifuniko nanunua kwa wauza vifungashio, vya zamani ile mpira ya ndani ishachoka. Naweka kitambaa chini ya sufuria kubwa, napanga chupa, maji yazifunike kabisa.

Hapa kwenye kuchemsha ndo Tanga na Iringa zinapoachana. Nilimpigia mama akaniambia, "Dakika 35 zinatosha mwanangu." Kwake ufukweni ni sawa kwa chupa ya nusu lita. Iringa tuko juu zaidi ya mita 1,500, maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95 tu, mnaoshangaa maharage huku hayaivi jibu ndo hilo. Kwahiyo huku ni dakika 45, na kwa chupa ya lita moja dakika 55, na nahesabu kuanzia maji yanapoanza kutokota upya siyo wakati wa kuweka. Nilivyomweleza akanyamaza kidogo af akasema, "Kumbe hata moto una kwao."

Nilisoma pia kuwa aliyeanzisha kuchemsha chakula ndani ya chupa ni Mfaransa, Nicolas Appert, alichapisha njia yake 1810, miaka mingi kabla Pasteur hajaeleza kwanini inafanya kazi. Nikamkumbuka mama na ungo wake.

Kabla sijasahau, ile saumu tunayosaga na mafuta tunaiacha mezani kwenye chupa, hatari yake ni ileile, saumu inatoka udongoni na mafuta yanazuia hewa. Iweke friji na uimalize ndani ya siku nne, au igandishe. Nawaomba sana kwa hili, maana kila nyumba ninayoingia naikuta.

Na kama huna chupa wala gesi ya kuchezea, jua lipo. Wasukuma wana michembe na matobolwa ya viazi vitamu, Wagogo wanakausha mlenda, Pwani kuna ng'onda, samaki wa kukausha. Mwaka huu nimejaribu kukausha nyanya pia, nimezikata nyembamba nikatia chumvi, ila huku baridi na ukungu vinachelewesha, nusu zimeota ukungu nimetupa.

Jumamosi nilitoa chupa 26 za nusu lita. Usiku nikawa nasikia vifuniko vinabonyea kimoja kimoja, yani vimeshika, tii, tii, na mtoto anahesabu kitandani. Asubuhi kimoja kilikuwa hakijabonyea, nikaiweka hiyo chupa friji, mchana tukaipikia maharage, yakachukua masaa matatu.