Kucha ya Kidole cha Kati

Mwaka 2017 nilikuwa nauza vitenge katika duka moja Kariakoo, na muuza vitenge hutazamwa mikono kabla ya kitambaa. Mteja anasema nikunjulie kile, unapitisha kiganja juu ya maua, macho yake yanafuata vidole vyako. Kucha kwangu zilikuwa sehemu ya kazi. Kila Jumatano alipita kijana wa rangi, kikapu mkononi, akigonganisha chupa mbili, ukamsikia tangu kona ya mtaa. Kwa shilingi 2,000 alikulowekea vidole, akakata, akapiga tupa, akapaka. Bibi yangu wa Tanga hakujua kwamba anayenishika vidole kila wiki ni mwanamume, nami sikuona sababu ya kumjulisha.

Mfungo Mosi wa mwaka ule binamu yangu akaolewa huko Tanga. Sare zimeshashonwa, viatu vimepatikana, mimi nikajiona kucha zangu fupi zitanitia aibu kwenye picha. Nikamkimbia kijana wangu, nikaingia saluni yenye kiyoyozi, nikabandikwa kucha ndefu za bandia kwa shilingi 25,000. Kabla ya kubandika, fundi alizikwangua zangu kwa mashine ndogo inayozunguka, zikapata moto hadi nikavuta mkono. "Vumilia, dada." Nikavumilia.

Bibi aliziona nilipokuwa namtilia maji ya udhu. Akanyamaza mpaka akamaliza mguu wa pili, kisha akauliza, "Na wewe, mwanangu, maji yako yanafika wapi hapo?" Zake zilikuwa na hina, nyekundu iliyokolea, na hina haizuii maji kwa kuwa ni rangi iliyonywewa na kucha yenyewe. Nikajifanya naitwa jikoni. Jikoni nako nilikuwa mzigo tu: kwa kucha zile hukuni nazi, humenyi vitunguu saumu, hata kumfunga mtoto kifungo ni mtihani.

Picha lakini zilitoka nzuri. Hilo siwezi kulikana.

Nimerudi Dar, wiki ya tatu, kucha ya kidole cha kati ikainuka pembeni. Siku moja ikanasa uzi wa kitenge mbele ya mteja, ikauvuta karibu shibiri nzima, tajiri anatazama. Badala ya kurudi saluni nikanunua gundi ya dukani, nikatia tone, nikakandamiza. Kosa hilo ni langu, simsingizii mtu. Maji ya vyombo na ya kufulia yalikuwa yameshaingia chini, na mimi nikayafungia humo.

Wiki mbili baadaye nikaenda kuzitoa zote. Kucha kama hizo hulowekwa kwenye asetoni kwanza, dakika kumi na zaidi, hadi zilainike na kuachia zenyewe. Yule binti aliyenihudumia alikuwa na haraka. Alichomeka ncha ya kijiti na kuinua, moja baada ya nyingine, na kila moja ikaondoka na tabaka la kucha yangu. Nilibaki na vitu laini kama ganda la kitunguu, vinavyopinda nikifungua tu mkoba. Ile ya kati ilikuwa ya kijani. Kijani kabisa, kama mwani wa kwenye jiwe la pwani. Haikuuma, na nadhani hilo ndilo lililonidanganya. Nikaisugua kwa limau, kwa dawa ya meno, kisha nikanunua dawa ya fangasi kwa kukisia. Wapi. Nikasema basi, Jumatano nitaificha chini ya rangi ya damu ya mzee, mara mbili, nani ataona?

Jumatano ikafika. Kijana akanishika kidole, akakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni.

"Dada, hii siipaki."

"Kwani silipi?"

"Utalipa. Lakini hapa chini pana uwazi. Nikipaka, wewe mwenyewe hutaona tena kinachoendelea. Nenda hospitali kwanza."

Nilikasirika, nasema kweli. Mtu wa kikapu ananikatalia mbele ya wenzangu wawili na mteja! Nikamwambia aende zake, wapaka rangi wamejaa mjini. Akafunga chupa zake, akaondoka bila neno. Usiku nikakitazama kidole kwa tochi ya simu, na kesho yake asubuhi nikawa kwenye foleni ya zahanati.

Daktari alikuwa mama wa makamo, naye hakushangaa hata kidogo. Si fangasi, alisema, ni bakteria wapendao majimaji, wanajificha pale kucha inapoachana na nyama. Akaikata sehemu yote iliyoinuka, akaniandikia dawa ya matone, akanitaka nivae glavu nikiosha vyombo. Akauliza kama huwa nakatwa ule utando wa shinani. Nikamjibu ndiyo, kila wiki, naupenda ukiwa safi. "Huo ndio mfuniko," akasema. "Unaufungulia wadudu mlango." Kuhusu kucha yenyewe, hakuna dawa ya kuikimbiza: ya mkononi hukua kama milimita 3 kwa mwezi, hivyo nihesabu nusu mwaka.

Dukani nikasema nimebanwa na mlango. Nikajifunza kukunjua vitenge kwa mkono wa kushoto. Usiku nikawa napaka mafuta ya nazi kwenye vidole vyote kumi, nikipima kwa macho mstari kati ya kucha mpya na mabaki ya ile ya zamani.

Wiki ya Maulidi, mwanzoni mwa Desemba, mstari ulikuwa umevuka nusu. Nikasikia chupa. Nilimwita mwenyewe safari hii, nikamtolea kiti, na sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikanyosha tu mkono. Akakigeuza kidole kwenye mwanga kama mara ile.

"Inakuja vizuri. Hii tuiache bado."

Akaloweka, akapiga tupa, utando wa shinani akausukuma tu kwa kitambaa, nilivyomwomba. Akapaka damu ya mzee kucha tisa. Nikampa noti ya 2,000, akapekua mfukoni, akaniwekea kiganjani sarafu ya 200.

"Ya nini?"

"Nimepaka tisa, dada."