Ua la ofisini likinyauka usikimbilie maji

Watu wengi wakiona ua limelegea ofisini wanawaza kitu kimoja tu, kiu. Anapita wa kwanza anamimina glasi, anapita wa pili naye anaona huruma anamimina, jioni mwingine anaenda kuosha kikombe chake ila kabla hajafika kwenye sinki chai iliyobaki anaimwaga humo humo na sukari yake, halafu wiki ikiisha wote wanashangaa mbona linazidi kuwa la njano. Kwa maofisi niliyoyaona hapa Mwanza, kuanzia mjini mpaka Nyakato huko, maua mengi hayafi kwa kiu jamani, yanakufa kwa kuzama.

Hili la ofisini kwetu lililoumwa ni lile lenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, wengi wanalijua kama ZZ, kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia. Tumezoea kuliona kwenye mabenki na mahoteli tunadhani ni ua la kizungu, kumbe asili yake huku huku kwetu, Kenya, Tanzania, kushuka hadi Afrika Kusini, Waholanzi ndo walikuja kulizalisha kwa wingi kwenye miaka ya 1990 likasambaa dunia nzima na sisi tukaanza kulinunua kama kitu cha kuja. Nalisema hili kwa sababu linasaidia kujua linaumwa nini. Huko porini linavumilia kiangazi, chini ya udongo lina viazi vinene linavyotunzia maji, sasa mmea unaojiwekea akiba wenyewe ukiumwagilia kila siku unauozesha tu.

Dalili zipo wazi ukiangalia vizuri. Ua lenye kiu linadondosha vijani, ukigusa shina unakuta bado gumu, na chungu ukikinyanyua ni chepesi. La kwetu lilikuwa kinyume, njano imeanzia kwenye mashina ya chini, ukibonyeza shina pale linapoingia kwenye udongo linabonyea, chungu kizito hatari. Halafu kuna vijidudu vidogo vyeusi vinarukaruka, kaka wa stoo akasema ni wale wadudu wa ziwani wanaingia dirishani, nikamwambia wale wa ziwani wanafuata taa usiku, hawa gusa chungu uone, wanatoka kwenye udongo wenyewe. Hao wanapenda udongo usiokauka. Na sisimizi pembeni, wamefuata sukari ya chai.

Nikamuuliza mama wa usafi, "Shikamoo mama, hivi hili ua nani analimwagilia?" Akacheka, "Marahaba mwanangu, mi nalimwagilia asubuhi, ila na mhasibu namuonaga, na wale vijana wa masoko nao." Yaani ua moja lina walezi watano! Kulinyanyua kutoka kwenye kile chungu cha nje cha urembo, kisicho na hata tundu moja, maji yamejaa chini yamesimama na harufu yake sio ya kusimulia.

Basi tukalitoa nje kwenye yale mawe nyuma ya ofisi (Mwanza bwana, mawe hayakosekani) tukalichomoa lote tukasuuza mizizi. Hapa ndo penye kazi yenyewe na wengi wanaparuka, wanabadilisha udongo wa juu tu wanarudisha. Kiazi kizima ni kigumu na ndani cheupe cheupe, kilichooza ni cha kahawia, laini, ukikiminya kinatoa maji. Kata vyote vilivyooza bila huruma mpaka ufike penye uzima, na kisu kifute kwa spiriti kwanza. Vaa glovu maana utomvu wake unawasha, ila zile habari za mtandaoni kwamba hili ua linaleta kansa ni uvumi tu. Ukishakata liache kivulini siku moja mbili vidonda vikauke, usiwe na haraka ya kupanda.

Udongo nao usitumie ule mfinyanzi unaoshikana. Mi nilichanganya udongo wa bustani na mchanga wa kujengea wenye chenga, karibu nusu kwa nusu, nikaongeza pumba za mpunga, hizi ukienda mashineni unajaziwa tu kiroba. Mchanga wa ziwani pia unafaa kwa sababu maji yetu hayana chumvi, ndugu zangu wa Dar msijaribu na wa baharini. Chungu kiwe kidogo, kinachotosha viazi vilivyobaki, kopo la rangi lililotobolewa chini kwa msumari wa moto linatosha kabisa. Mbolea hapana, mgonjwa halishwi pilau. Maji subiri kama wiki hivi, baada ya hapo ni mpaka udongo ukauke hadi chini, kwa ofisi yetu inakuja kila wiki mbili tatu. Liweke karibu na dirisha ila jua lisilipige moja kwa moja.

Nikabandika na karatasi, USIMWAGILIE BILA KUULIZA. Bosi alicheka ila ilisaidia kuliko dawa yoyote. Lilikaa muda mrefu halionyeshi kitu, watu wakaanza kusema litupwe, ndo baadaye ikachomoza ncha ya kijani kibichi pembeni, kisha nyingine.

Yale majani mazima ya kwenye mashina tuliyokata usitupe. Kila kijani kimoja ukikichomeka kwenye mchanga wenye unyevu kidogo kinatengeneza kiazi chake chini, ila ni kazi ya miezi, kinaweza kukaa hata nusu mwaka hakuna kitu juu, na usikifukue kuchungulia. Mhasibu ameshaniwekea oda ya miwili, nimemwambia aje na kopo lake lenye tundu.