Mashine Ioshwe, Uso Uachwe

Ukienda soko la Karume, Dar es Salaam, kutafuta saa ya zamani, usiulize saa. Ukiuliza tu, utaletewa zile za kung'aa zilizotoka kwenye boksi juzi. Mimi hupita kwa wauza mikanda na mabegi ya mtumba, maana wao ndio wenye yale mabakuli ya vikorokoro: miwani isiyo na mguu, cheni zilizokatika, vifungo, na chini kabisa saa ambazo hakuna anayezitaka. Humo ndimo nilimoipata Seiko 5, saa ya Kijapani, ninayohangaika nayo mwezi huu.

Kioo kilikuwa kimechubuka hadi mishale inaonekana kwa taabu. Nikaitikisa karibu na sikio. Mshale wa sekunde ukasogea, ukasita, ukasogea tena. Hapo moyo ukatulia, kwa sababu ninachokiogopa kuliko vyote ni kuvunjika kwa ekseli nyembamba ya lile gurudumu linaloyumba huku na huku na kuipa saa mwendo wake. Kioo, mkanda, kutu ya juujuu, vyote vinatibika. Nikaigeuza kusoma namba za mgongoni. Kwa Seiko za enzi hizo, tarakimu ya kwanza ni mwaka ndani ya muongo na ya pili ni mwezi. Oktoba, Novemba na Desemba huandikwa O, N na D. Yangu inaanza na 24, na kwa kukisia naiweka Aprili 1982.

Seiko 5 ilianza mwaka 1963, ikakusudiwa mtu wa kawaida: springi inayoiendesha inajikaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, siku na tarehe vimo kwenye dirisha moja, na kile kitufe cha kuzungushia mishale kimezamishwa penye namba 4 kisimchome mtu mkononi. Haidai betri. Na siku za hii yangu zimeandikwa kwa Kiingereza na Kiarabu. Napenda kuwaza kwamba ilishuka bandarini mkononi mwa mtu aliyetoka Muscat au Dubai.

Nilimpelekea fundi wangu wa Kariakoo. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Leta tuone." Haongezi neno akishaweka kile kioo chake cha kukuzia jichoni. Mfuniko ulipofunguka, mpira wa kuzuia maji ulikuwa umeyeyuka na kuwa kama lami, na pembeni pameganda uchafu wa kijani, jasho la miaka mingi la mtu nisiyemjua. Ila mashine yenyewe, aina ya 7009 yenye vijiwe 17 (vito vidogo ambamo ekseli za magurudumu huzungukia), ilikuwa inang'aa. Akaondoa bamba linalozunguka, kisha akanisogezea kibano nione kitu ambacho sichoki kukitazama: kijiti chembamba chenye makucha mawili. Bamba likienda kulia, kucha moja inavuta gurudumu. Likienda kushoto, nyingine inasukuma. Kwa hiyo hata mkono ukitikisika vipi, springi inakazika. Seiko waliubuni mtindo huo mwaka 1959, na kwa macho yangu ni kazi nzuri kuliko dhahabu yoyote ya nje.

Mafuta yalikuwa yameganda kuzunguka vijiwe, rangi ya kahawia, kama utomvu. Mashine hii hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara sita kila sekunde, na ikipiga hivyo bila mafuta, chuma kinasagana. Ndiyo maana simpi saa fundi wa kupuliza petroli na kufunga. Lazima ifumuliwe yote, kila gurudumu lioshwe, na mafuta yarudishwe kwa tone dogo, penye kijiwe tu. Mzee alifanya hivyo, tena bila kuharakishwa. Kioo tulibadilisha, kwani cha Seiko hii ni kigumu, hakisuguliki kwa dawa ya meno kama vile vya plastiki.

Kisha akaniuliza kama nataka uso, yaani bamba la namba lililo chini ya mishale, upakwe rangi upya. Nikakataa kwa heshima. Sokoni zimejaa Seiko zilizopakwa upya India, nyekundu na bluu za kuvutia, lakini zisogeze machoni: herufi nene, vistari vya dakika havilingani, jina limepinda kidogo. Ule uso wa kiwandani umeondoka na haurudi tena. Mpira, kioo, springi na mafuta vimewekwa ili siku moja vibadilishwe. Uso haukuwekwa hivyo. Huu wangu umefifia kutoka fedha kuelekea rangi ya chai hafifu, na penye namba 8 pana doa la unyevu. Nimeliacha. (Na kwa saa za zamani zaidi, zile za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zenye rangi ya kung'aa gizani, usikwangue kamwe: nyingi zilipakwa radiamu, na vumbi lake lina mionzi.)

Sasa naipima kwa programu ya simu inayosikiliza mlio. Ikilala kifudifudi inawahi kidogo. Ikisimama kwa ubavu inachelewa. Mzee ameomba niivae wiki nzima kwanza, ndipo airekebishe. Kilichobaki ni cheni, maana ya asili haikuwepo, na sitaki kuweka ya kisasa. Jumamosi narudi kwenye mabakuli.