Leo ni Materuni

Hatimaye nimefika Materuni, kijiji cha miteremko ya Kilimanjaro chenye maporomoko ya maji, na binamu zangu. Kutoka Moshi mjini unapanda gari la Uru, halafu miguu. Njia inakatiza vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga: migomba juu, kahawa chini yake, na pembeni mfongo, yaani mfereji unaoteremsha maji ya mlima kwenda mashambani. Wachagga walichimba mifereji hii kabla Wajerumani hawajafika, na bado inafanya kazi. Kila kona ni shikamoo, maana bibi mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani anakupita bila hata kuhema! Sisi wa mjini tunasimama eti kupiga picha. Haya.

Maporomoko unayasikia kabla hujayaona. Maji yanadondoka zaidi ya mita 70, na manyunyu yanakulowesha ukiwa bado mbali. Binamu alijitosa kwa mbwembwe, akatoka meno yanagongana. Mimi nililoweka miguu, inatosha.

Kurudi, tukakaribishwa kahawa: inatwangwa kwenye kinu kwa nyimbo kutoa maganda, inakaangwa kwenye kuni, inatwangwa tena, ndipo ichemshwe. Ile ninayonunua mjini sasa naiona maji ya kuoshea vikombe. Mnaokwenda, vaeni viatu vyenye meno. Udongo ule ukilowa hauna undugu.