Sare yangu ya Berlin

Juzi Jumamosi kwenye mashindano ya chesi, raundi ya nne, nimetoka sare na jamaa aliyenizidi reitingi (pointi za kiwango) mbali sana, nimetoka nje mikono bado inatetemeka kwa furaha, rafiki yangu ananiuliza mbona malkia walitoka mapema hivyo, si mlipeana tu? Jamani hapana, tulipigana masaa matatu!

Nilikuwa na nyeusi. Akaanza askari e4 (herufi na namba ndo jina la kisanduku ubaoni), nikajibu e5, akatoa farasi nami nikatoa wangu, askofu wake akatua b5, yaani ufunguzi wa Ruy Lopez, mi nikatoa farasi wa pili f6. Hiyo ndo Berlin, aina ya ulinzi wa nyeusi. Mfalme wake akajificha pembeni na ngome, nikala askari wa e4, askofu wake akamla farasi wangu wa c6, na hatua ya nane malkia wakalana pale d8, mfalme wangu ndo aliyemla malkia wake, akishasogea hivyo kujificha na ngome basi tena, na askari wangu wawili wamepandana mstari wa c. Ukiangalia haraka unasema mwenye nyeusi kaumia. Na kweli ukitoa kete zote ukabakiza wafalme na askari, nyeupe inashinda, ana askari wanne kwa watatu upande wa mfalme, na kwa wale wangu waliopandana siwezi kupitisha askari upande wa pili. Lakini kuzitoa hizo kete ndo kazi sasa, maana maaskofu wangu wote wawili wapo hai, yeye kabaki na mmoja.

Hii nimeisoma kwa Kramnik, bingwa wa dunia wa zamani. London 2000, mechi ya ubingwa wa dunia, gemu ya kwanza, Kasparov ana nyeupe, bingwa tangu 1985. Kramnik akamwekea Berlin. Angalia farasi wake tu: alikuwa f5, akaenda e7, g6, akarudi e7, akarudi f5, mfalme naye c8, b7, c8 tena, huku askari wa h anapanda taratibu mpaka h4. Hatua ya 25, sare. Kasparov akaingia tena kwenye Berlin gemu ya 3, ya 9, ya 13, zote sare, na mechi nzima hakushinda hata moja, Kramnik akabeba kwa 8.5 dhidi ya 6.5. Mi kwangu ubingwa ulianza kuhama kwenye ile sare ya kwanza.

Karatasi yangu ya hatua iko hapa mezani. Kuna mahali alinisukumia askari wa g nikakaa dakika kumi na mbili nzima kabla sijamjibu, usiku huu naipanga upya ubaoni nianzie hapo.